Mwajiri na mbuzi wa kwenye gunia

Tangazo la kazi linasema nafasi ni ya ngazi ya kuanzia, halafu mstari wa nne unadai uzoefu wa miaka miwili. Wahitimu hulisambaza kwenye makundi yao ya simu na kulicheka, na wana haki ya kulicheka. Tukishamaliza kucheka, hata hivyo, kuna swali linabaki: inakuwaje waajiri wasiojuana, wa sekta zisizohusiana kabisa, waishie kuandika mstari uleule? Hawakukaa kikao wakakubaliana kuwatesa vijana. Kuna kitu wote wanakiogopa, na tusipokijua, ushauri tunaowapa wahitimu utaendelea kuwa wa juu juu.

Ushauri wenyewe tunaujua kwa moyo. Jitofautishe. Jiamini. Pendezesha wasifu wako. Siku ya usaili fika mapema, mtazame msaili machoni. Hakuna ubaya ndani yake, ila naona umekosea mahali pa kuanzia. Unachukulia kwamba mwajiri anatafuta nyota, na kwamba kazi ya mhitimu ni kung'aa kuliko wenzake. Mwajiri wa nafasi ya kuanzia anatafuta mtu ambaye hatamletea majuto. Shida yake ni kwamba hawezi kumtambua mtu huyo kwa kumsoma karatasini.

Hebu tukae upande wa pili wa meza. Nafasi imetangazwa moja, maombi yamefika mia tatu. Anayeyapitia ni afisa rasilimaliwatu mwenye shughuli nyingine lukuki siku hiyo, au mkuu wa kitengo ambaye pengo hilo limekuwa likimsumbua miezi kadhaa. Waombaji karibu wote wana shahada inayotakiwa. Karibu wote ni wachapakazi, wanajituma, wanajifunza haraka na wanaelewana na watu wa kila aina; wamesema hivyo wenyewe, kwa maneno yanayofanana hadi nukta. Afisa huyu akichagua vizuri, hakuna atakayekumbuka kumpongeza. Akichagua vibaya, kila kikao kitauliza nani alimleta yule. Mtu aliye katika hali hiyo hatamsaka aliye bora kuliko wote mia tatu. Atatafuta sababu ya kupunguza rundo, na sababu iliyo rahisi kuitetea mbele ya wakubwa wake ni uzoefu. Hakuna anayetaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mhitimu asiye na historia ya kazi anaweza kuwa ndiye mnono kuliko wote, lakini gunia limefungwa.

Kwa hiyo anayetaka kumsaidia mhitimu aanze na kulifungua gunia hilo. Na hapa ndipo ninapotofautiana na semina nyingi za kuwaandaa vijana kwa ajira: sehemu kubwa ya fundo haiko mikononi mwa mhitimu.

Kuna wakati cheti kiliifanya kazi hiyo karibu peke yake. Mwaka 1973 mchumi Michael Spence alieleza kwa nini. Mwajiri hauoni uwezo wa mwombaji, hivyo anatazama ishara, na elimu ni ishara inayoaminika kwa kuwa asiye na uwezo huipata kwa tabu kubwa zaidi. Hoja hiyo ni miongoni mwa kazi zilizompatia Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001, pamoja na George Akerlof na Joseph Stiglitz. Ukiifuata hadi mwisho, hoja hiyohiyo inaeleza kwa nini shahada imepungua nguvu. Ishara hutenganisha watu pale tu ambapo baadhi yao hawana. Waombaji mia tatu wakiwa nayo wote, inabaki kuwa sharti la kuingia kwenye rundo, na haimtoi mtu ndani yake.

Barua ya maombi imepatwa na jambo hilohilo, tena kwa kasi. Zamani barua nzuri ilionyesha kwamba mtu amelisoma tangazo, ametulia, amefikiri. Leo programu ya akili mnemba inaitoa barua safi ndani ya sekunde chache, na mwajiri analijua hilo vizuri. Simlaumu mhitimu anayeitumia. Kukosea sarufi hakumfanyi mtu aonekane mkweli zaidi. Ila ajue kuwa kinachopatikana bure kwa kila mtu hakimthibitishi yeyote. Vivyo hivyo vyeti vya kozi fupi za mtandaoni ambavyo mtu huvipata kwa kubofya hadi ukurasa wa mwisho. Wasifu uliojaa vyeti vya namna hiyo unaniambia kwamba mwenye nao ana wasiwasi, basi.

Vilivyobaki na uzito ni viwili. Kwanza, kazi iliyokwisha kufanyika ambayo mtu mwingine anaweza kuifungua na kuikagua. Pili, mtu mwingine aliye tayari kuweka jina lake nyuma ya mhitimu. Vyote viwili ni vigumu kughushi, na ndiyo maana vinaaminika.

Nirudi kwenye uzoefu wa miaka miwili, maana ndani yake kuna jambo ambalo wengi hulipita. Amanda Pallais, mchumi aliyekuwa Chuo Kikuu cha Harvard, alilichunguza kwa njia isiyo na mzunguko. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, aliingia kwenye soko la kazi za mtandaoni lililoitwa oDesk, ambalo leo ni Upwork, akachagua kwa bahati nasibu waombaji 952 na kuwaajiri kwa kazi ndogo ya kuingiza data. Baadhi yao aliwaandikia tathmini fupi ya kawaida, wengine tathmini yenye maelezo zaidi, zote zikiwa wazi kwa yeyote anayefungua kurasa zao. Walioajiriwa walipata ajira zaidi baadaye kuliko wenzao ambao kura haikuwaangukia, na tathmini ya kina ilisaidia pia. Ni vigumu kusema kuwa kibarua kile kifupi kiliwapa ujuzi mkubwa. Kilichobadilika ni kwamba sasa kulikuwa na kitu cha kusoma juu yao.

Tazama hesabu ilivyo kwa mwajiri. Anayemchukua mhitimu kwanza ndiye anayelipa gharama ya kumgundua: muda wa kumwelekeza, makosa ya miezi ya mwanzo, hatari kwamba hafai kabisa. Akigundua anafaa, habari hiyo haibaki kuwa mali yake. Inaandikwa kwenye wasifu wa kijana, na kampuni ya jirani inaweza kumchukua kwa mshahara mnono zaidi bila kulipa gharama hata moja ya zile. Kila mwajiri akipiga hesabu hiyo kwa akili timamu, atapendelea mwenzake atangulie. Ule mstari wa nne wa tangazo, ukiusoma hivi, unasema: tafuteni mtu mwingine akujaribuni kwanza. Na kwa kuwa wote wanasema hivyo kwa wakati mmoja, wapo vijana wazuri ambao hawajaribiwi na yeyote. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko hili chema kinakaa nyumbani na vyeti vyake, hakijaulizwa bei.

Sasa, kama tatizo ni habari, je, habari ikitolewa mambo hubadilika? Huko Johannesburg, watafiti Eliana Carranza, Robert Garlick, Kate Orkin na Neil Rankin waliwapima vijana watafuta kazi katika stadi mbalimbali, hesabu na mawasiliano zikiwemo, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2022. Kundi moja lilipewa matokeo yaliyoandaliwa ili mwajiri aweze kuyaona na kuyaamini. Kundi jingine lilipewa matokeo ambayo si rahisi kumwonyesha mwajiri; yalikuwa ya kumsaidia kijana ajijue. Makundi yote mawili yalibadilisha namna ya kutafuta kazi, kwa sababu mtu akijua nguvu zake ziko wapi haombi ovyo. Lakini katika ajira na kipato, waliokuwa na karatasi ya kuonyesha ndio walionufaika zaidi. Wengi wa vijana wale hawakuwa na shahada, na sidhani kama hilo linabadilisha mantiki. Kujijua ni jambo jema, ila halimfikii afisa mwenye rundo la maombi mezani.

Afrika Kusini hiyohiyo ina ushahidi mwingine ninaoupenda zaidi, kwa sababu hauhitaji mradi wala mfadhili. Martin Abel, Rulof Burger na Patrizio Piraino waliangalia kinachotokea mwombaji anapoambatisha barua ya utambulisho kutoka kwa mtu aliyewahi kumwajiri. Katika utafiti wao wa mwaka 2020, barua hiyo iliongeza kwa asilimia 60 uwezekano wa mwombaji kuitwa, na waliovutwa juu zaidi ni wanawake. Asilimia 60 kwa karatasi moja! Hakuna rangi ya wasifu wala mtindo wa herufi utakaokaribia hapo.

Ila hapo panahitaji uangalifu, kwa kuwa barua nyingi za utambulisho tunazoziandika hazina kitu ndani. "Ninamfahamu ndugu huyu kuwa ni mwaminifu, mwadilifu na mwenye bidii. Ninampendekeza bila kusita." Barua hiyo ingeweza kuandikwa kwa ajili ya mtu yeyote, na msomaji anaijua kabla hajaimaliza. Barua inayofungua gunia inataja vitu vya kushikika. Mwandishi alimsimamia kijana kwa muda gani, na katika nafasi gani. Alimpa kazi ipi hasa. Kuna siku mambo yaliharibika, kijana alifanyaje? Alihitaji kusukumwa wapi? Mstari mmoja unaokiri udhaifu mdogo huipa nguvu mistari mingine yote, maana unaonyesha kwamba mwandishi aliyaona mambo kwa macho yake. Na mwisho, je, yeye mwenyewe angemchukua tena? Akiweka namba ya simu na kukubali kupigiwa, amemaliza.

Mhadhiri mwenye wanafunzi mia mbili atasema hana muda wa kuandika hayo yote, na atakuwa anasema kweli. Hapo ndipo mhitimu anaweza kufanya sehemu yake. Asimwendee mtu baada ya miaka miwili na kumwambia "naomba uniandikie barua". Amwendee wiki ya mwisho, kumbukumbu ikiwa bado mbichi, akiwa na ukurasa mmoja: tarehe aliyoanza na kumaliza, kazi alizopewa, kilichotokea kwa kila moja, na vielelezo. Mwandishi atabaki na hukumu yake, lakini hatalazimika kufukua kumbukumbu. Watu wengi hukataa kuandika barua kwa sababu hawakumbuki, si kwa sababu hawataki.

Kuhusu kazi inayoweza kukaguliwa, wazo lenyewe limeenea zaidi miongoni mwa waandika programu na wabunifu wa picha, kwa kuwa kazi yao hubebeka. Wengine hudhani haliwahusu. Mhitimu wa takwimu anaweza kuchukua data iliyokwisha kuchapishwa na ofisi ya umma, akauliza swali moja lenye maana, akalijibu kwa kurasa mbili na grafu moja inayosomeka. Mhitimu wa lugha anaweza kuweka waraka na tafsiri yake kando kwa kando, na aya fupi inayoeleza mahali palipomkwamisha na alivyopatatua. Mhitimu wa uhasibu aliyetunza hesabu za chama cha wanafunzi ana kazi halisi mkononi, ila hajui kwamba ni kazi. Kwa uuguzi, sheria au uhandisi mambo ni tofauti kidogo: kuna vyombo vinavyosimamia taaluma hizo, na kitabu cha kumbukumbu za mafunzo kwa vitendo, kikijazwa kwa uaminifu na kusainiwa na msimamizi anayejulikana, kina uzito kuliko mradi wowote wa pembeni. Humo pia kuna mipaka. Jalada la mgonjwa au la mteja halitolewi ili kumpamba mtu, hata kama majina yamefutwa nusunusu. Mwajiri makini akiona umefichua siri za uliowahudumia jana, ataelewa utakachomfanyia yeye kesho.

Namna ya kuiandika kazi hiyo kwenye wasifu nayo ina maana. Linganisha: "Nilihusika na masuala ya fedha katika chama cha wanafunzi." Na hii: "Kwa mwaka mmoja nilitunza daftari la fedha la chama chenye wanachama 140, mwisho wa mwaka hesabu zilikaguliwa na kupitishwa." Sentensi ya kwanza haina pa kushika. Ya pili inampa msaili maswali manne ya kuuliza, na kijana ana majibu ya yote manne kwa kuwa aliyafanya. Hivyo ndivyo wasifu unavyopaswa kuzaa usaili. Wanaofundisha kuandika wasifu hutumia muda mwingi mno kwenye mpangilio wa ukurasa, wakati shida mara nyingi ni kitenzi: nilihusika, nilishiriki, nilisaidia. Ulifanya nini?

Sasa nije kwenye lile linalonong'onwa: koneksheni. Wapo wanaolitamka kwa uchungu, na uchungu wao una msingi. Mzazi anayemjua mkurugenzi anaweza kulifungua gunia la mwanawe kwa simu moja, na hakuna makala itakayofuta faida hiyo. Lakini namna ambavyo watu hupata kazi kupitia watu ni tofauti na tunavyoidhani. Mwaka huohuo wa 1973 ambao Spence alichapisha hoja yake, mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha uchunguzi alioufanya karibu na Boston, Marekani. Aliwauliza watu waliopata kazi kupitia mtu fulani: mtu huyo mlikuwa mkionana mara ngapi? Asilimia 16.7 tu walisema mara kwa mara. Asilimia 55.6 walikuwa wakionana naye mara mojamoja, na asilimia 27.8 kwa nadra. Sababu yake inaeleweka ukiifikiria. Rafiki wa karibu anajua yaleyale unayoyajua. Mnakaa pamoja, mnasikia pamoja. Yule uliyefanya naye mradi mmoja na mkaachana ndiye anayepita kwenye mazingira usiyoyafikia.

Karibu miaka hamsini baadaye, jambo hilo lilijaribiwa tena kwa kipimo ambacho Granovetter asingekiota. Utafiti uliotoka mwaka 2022 katika jarida la Science ulitumia majaribio yaliyogusa zaidi ya watu milioni 20 kwenye mtandao wa LinkedIn, ambako mfumo ulibadilisha aina ya watu waliopendekezwa kufahamiana. Mahusiano hafifu yalisaidia watu kuhama kazi kuliko yale ya karibu sana, ingawa yale hafifu kupita kiasi nayo nguvu yake ilishuka. Walio katikati, wanaokukumbuka lakini hamko kundi moja, ndio walikuwa na faida kubwa zaidi.

Mhitimu asiye na mjomba mkubwa kwa hiyo hajafungiwa mlango wote. Kuna aliyemsimamia mafunzo, mwanafunzi aliyemtangulia miaka mitatu, mhadhiri mgeni aliyekuja mara moja akaulizwa swali zuri. Kosa linalofanyika ni kuwaomba watu hawa kazi. Ukimwomba kazi mtu ambaye hana kazi ya kutoa, umempa njia moja tu, ya kukataa, na atakukwepa siku nyingine. Mwulize kitu anachokijua: nafasi kama hii huko kwenu hupimwa kwa lipi, nani huipitia kwanza, na mtu akianza huwa anakwama wapi? Dakika ishirini za majibu hayo zina thamani kuliko mwezi wa kutuma maombi gizani. Mtu akikujibu, mrudishie taarifa ya ulichokifanya na ushauri wake. Wachache sana hufanya hivyo, kwa hiyo wanaofanya hukumbukwa.

Usaili siuongelei sana, kwa kuwa kikubwa cha kuusema ni cha waajiri. Mapitio mashuhuri ya Frank Schmidt na John Hunter ya mwaka 1998, yaliyokusanya utafiti wa miaka 85, yaliweka majaribio ya kazi yenyewe na usaili wenye maswali yaliyopangwa juu ya usaili wa kupiga soga, huku miaka ya elimu ikiwa karibu na mkiani katika kutabiri utendaji. Paul Sackett na wenzake walipozirekebisha hesabu hizo mwaka 2022, usaili uliopangwa ulishika nafasi ya kwanza. Kuwauliza waombaji wote maswali yaleyale na kuwapa kazi ndogo ileile hakuhitaji bajeti. Bado watu wazima wenye madaraka wanakaa kumwuliza kijana "jieleze kidogo", halafu wanaamua kwa jinsi alivyokaa kwenye kiti. Na kazi ndogo hiyo ikipita saa mbili au tatu, ilipwe. Nimechoka kusikia habari za wahitimu walioombwa mpango kamili wa masoko kama "jaribio", kisha kimya.

Vipi kuhusu kazi ya kwanza yenyewe: mtu achukue yoyote, au asubiri inayomfaa? Hapa kuna pande mbili na zote zina wakereketwa. Philip Oreopoulos, Till von Wachter na Andrew Heisz walifuatilia wahitimu wa Kanada walioingia sokoni wakati uchumi umeyumba. Waliona kwamba kipato chao kilikuwa chini kwa takribani asilimia 9 mwanzoni, pengo likapungua hadi nusu ndani ya miaka mitano na kukaribia kufutika ndani ya kumi. Kwangu mimi lililo muhimu zaidi ni namna walivyojinasua: walianza kwa waajiri dhaifu, kisha wakahamia hatua kwa hatua kwa waajiri bora. Waliokuwa na sifa bora zaidi sokoni walihama mapema. Wenye sifa hafifu, baadhi yao hawakujinasua kabisa.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema "chukua chochote" bila kuongeza neno. Kigezo changu ni kama kazi hiyo inaacha alama inayosomeka na wengine. Nafasi ya mshahara mdogo kwenye ofisi ndogo, ambako msimamizi anakaa meza ya pili na anaona unachofanya, inaweza kukufikisha mbali kuliko jina kubwa ambako utakuwa mtu wa kutoa nakala kwa mwaka mzima. Na kama ni lazima ufanye kazi isiyohusiana kabisa na ulichosomea ili ule, fanya, hakuna aibu. Weka tu saa chache kwa wiki za kuendelea kuzalisha kitu kinachokaguliwa katika fani yako, vinginevyo baada ya miaka mitatu utakuwa na gunia lilelile, lenye vumbi.

Kujitolea bila malipo nakutazama kwa jicho hilohilo, ila kwa ukali zaidi. Jaribio la maombi zaidi ya 9,000 ya kubuni yaliyotumwa kwa waajiri Marekani, lililochapishwa mwaka 2016, lilikuta kwamba mafunzo ya kazini wakati wa masomo yaliongeza kuitwa kwenye usaili kwa takribani asilimia 14. Faida ipo, basi. Lakini wanaoweza kufanya kazi miezi sita bila senti ni wale wenye wa kuwalisha, na ofisi inayojaza viti vyake kwa kupokezana watu wa kujitolea imepata nguvukazi ya bure na kuiita fursa. Kama ofisi haina uwezo wa kulipa, walau iandike kabla ya siku ya kwanza: muda utakaotumika, kazi zitakazofanywa, nani atasimamia, na kwamba mwisho itatoka barua yenye maelezo. Isiyotaka kuandika hayo haina ilichopanga kukupa.

Vyuo navyo vina deni. Mwanafunzi anakaa miaka mitatu au minne akiandika kazi ambazo msomaji wake ni mmoja, na zikishasahihishwa zinaishia kabatini. Hakuna gharama kubwa katika kubadili sehemu yake: kazi moja kila mwaka itokane na swali halisi la taasisi ya nje, isomwe na mtu wa nje, na maoni yake yabaki kwa mwanafunzi kwa maandishi. Hilo lingewasaidia zaidi wale wasio na mjomba, kwa kuwa wengine tayari wana wa kuwasomea. Na chuo kinachojisifu kwa idadi ya waliovaa joho kingefanya vyema kutoa pia hesabu ya walikokwenda mwaka mmoja baadaye, kozi kwa kozi, ili anayejiunga ajue.

Kuna hatua nyingine ambayo haingoji chuo wala serikali. Kila muhula wanafunzi humaliza mafunzo kwa vitendo na kuondoka na fomu yenye muhuri na neno "Nzuri sana" kwenye kila kisanduku. Fomu hiyo inakwenda chuoni, inageuzwa alama, inakwisha. Msimamizi aliyekaa na kijana wiki nane anaweza, siku hiyohiyo ya mwisho, kuandika ukurasa mwingine wa pili, ulioelekezwa kwa mwajiri asiyemjua: nilimpa hiki, akakifanya hivi, hapa alikwama, hapa alinishangaza, nipigie kwa namba hii. Amkabidhi mkononi, na nakala aibakize kwenye faili la ofisi, kwa sababu huenda simu ikapigwa mwaka ujao yeye akiwa amehamishwa.